Kiti cha Pili cha Gari la Fidèle

Mume wangu alilia sana kwenye kilio, msibani kwa Monique. Nasema sana kwa sababu nilikuwa namwangalia. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, sisi wanawake tulikuwa kwenye mikeka sebuleni, makochi yakiwa yametolewa, na kupitia dirishani nilimwona Fidèle, mzee wa mvi, akijifuta macho kwa kitambaa nilichompigia pasi asubuhi ile ile. Mama yake mzazi alipofariki alilia kidogo, kwa heshima, kama mwanamume wa umri wake. Kwa Monique aliachia. Mama mmoja wa kwaya aliyekaa karibu nami akaniinamia. "Pole, mama," akasema. "Bwana yako alimujuaka marehemu sana?" Nikamjibu kwamba tulimjua sote wawili. Kisha nikarudisha macho dirishani, maana kama ningeendelea ningesema jambo lisilosemwa penye msiba: kwamba nilikuwa namwonea wivu maiti. Nimekuwa bibi wa wajukuu, magoti yananiuma nikipanda ngazi za kanisa, na bado wivu ule ule wa ujana ulinikalia kooni kama mwiba wa samaki. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, na kama mnavyoniona sikukonda.

Ulianza mwaka ule ambao mishahara ilikuwa haiji tena. Hapa Likasi, mji wetu wa migodi, kila mtu wa rika langu anajua ni mwaka gani, ingawa kila mmoja atakutajia mwingine. Mimi na Fidèle tulikuwa wachanga katika ndoa, tukikaa katika nyumba ya vyumba viwili iliyoachwa na watu waliofukuzwa kwa ajili ya kabila lao, wakaondoka kwa treni pamoja na ndugu zao. Kalenda yao ilibaki ukutani sebuleni, na sikuwa na moyo wa kuitoa. Fidèle alikuwa fundi wa kulehemu. Aliendelea kuamka alfajiri, kunyoa ndevu na kwenda kazini, kwa mazoea tu, na kabla jua halijapanda alikuwa amerudi, amekaa juu ya ndoo uani akiitazama mikono yake. Siku moja akatazama rundo la vyuma chakavu kwa jirani badala ya mikono. Akaniambia: "Bibi, niko natengeneza motokari." Nilidhani anatania. Lakini alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani: malori yamekuwa haba, samaki wa Tshangalele wanaoza kandoni mwa ziwa huku watu wa mjini wanakula bukari, ugali wetu, na majani matupu, kwa hiyo mwenye gari atakula yeye na jirani zake.

Gari lenyewe lilikuwa la ukoo mchanganyiko kama sisi wenyewe. Chasi ilitoka kwenye pikapu ya Kijapani iliyoungua, injini kwenye gari dogo la Kifaransa, na bodi aliikata kutoka kwenye mapipa. Viti vilikuwa viwili tu, vya basi lililokufa zamani, vyenye ngozi nyekundu iliyopasuka. Siku alipovilehemu nilimwambia, kabla hajazima hata moto, kwamba kile cha pili ni changu. "Eee, ni yako," akasema, "nani mwingine?" Nikayaweka maneno hayo rohoni. Majirani walikuwa wanapita mbele ya ua wetu wakituchokoza: "Fidèle, iyi motokari itazaliwa lini?" Nami nilijua kwamba swali lile lilikuwa na mgongo wake, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijazaa bado. Nilitaka kupita mbele yao wote nikiwa nimekaa kwenye kile kiti chekundu, mkono dirishani, niende ziwani na nirudi. Mwaka ule sikutamani kitu kingine zaidi ya hicho.

Kilichobaki kilikuwa breki. Chuma alikijua, lakini breki ni mafuta yanayokimbia ndani ya bomba jembamba, na hayo hakuyajua. Akaenda Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe, kutafuta mtu anayefunga breki za malori yale yanayoshuka yakiwa yamejaa, na akarudi na Monique. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Akaingia mwanamke mrefu mwenye suruali ya kazi iliyokunjwa mara mbili miguuni, kitambaa kichwani, na kicheko kilichofika uani kabla yake. Alikuwa mrembo? Hakuwa. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu mrembo unajua utapambana naye kwa silaha gani: unasuka nywele, unavaa kitenge kipya. Kwa mwanamke anayemfurahisha mume wako kwa kujua kipenyo cha bomba, unavaa nini?

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Monique hakusubiri ya tatu. Siku ile ile ya kwanza alikuwa chini ya gari, na mchana alitoka huko akaosha mikono kwa mchanga na sabuni, akakaa kwenye kigoda changu na kula bukari yangu na lengalenga zangu, mchicha wa kwetu, kama mtu aliyezaliwa pale. Alikula vizuri, akasifia chakula, na sikuweza hata kusema kwamba ana dharau. Lakini kila tonge lilikuja na neno la breki. Fidèle alimsikiliza mdomo wazi, mchuzi ukimwagikia goti. Na jingine: kwetu mume hamwiti mkewe kwa jina. Mimi nilikuwa "bibi" au "mama", nami sikuona ubaya, ndiyo heshima yenyewe. Ila sasa nikawa nasikia jina la mwanamke katika ua wangu tangu asubuhi mpaka jioni. Monique, leta ule ufunguo. Monique, angalia hapa. Jina langu Godelieve, alilotamka mbele ya padri, lilikuwa limekaa kabatini pamoja na nguo ya harusi.

Jiko langu lilikuwa nje, mbabula ya makaa nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, na gari lilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Kwa hiyo mwaka ule sehemu kubwa niliusikia kuliko nilivyouona. Nakoroga sufuria, nasikia: "Polepole, Fidèle. Usiilazimishe." Halafu Fidèle: "Hivi?" "Apana. Cuivre haipendagi nguvu. Kunja na kidole kikubwa." Bomba linakwaruza. "Voilà. Sasa inaingia." Mtu anayesikia maneno hayo bila kuona bomba atasema nini? Nilitafuta sababu ya kuvuka ule ukuta, kuchota maji au kuanika kitu, na kila mara nilikuta miguu minne imetokeza chini ya gari, miwili ya mume wangu na miwili si yangu. Nilikuwa natazama nafasi iliyo kati ya miguu ile. Wakati mwingine ilinitosha, wakati mwingine niliona imepungua. Mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisa alipita kuniletea habari ya mkutano, akaitazama pia, akasema tu, "Kazi iko mingi kwenu." Usiku huo sikula.

Bomba lilikuwa la shaba, hiyo cuivre ya Monique, na huo ni ugonjwa wa mji wetu. Sisi tumezaliwa juu ya shaba, tunaamini inaweza kila kitu. Monique alikuwa akituonya. "Cuivre inachokaka," alisema wakati wa kula, akinionyesha mimi pia kwa waya aliouokota chini. Aliukunja huku na huku, huku na huku, mpaka ukakatika. "Pipe ikitetemeka mu njia, inafanya vile vile. Kwa hiyo lazima ifungwe, ikamatwe, isitikisike hata kidogo." Alikata vibanio kutoka kwenye makopo ya maziwa ya unga, kimoja kimoja, akavikunja vikumbatie bomba na kuvikaza kwenye chasi kwa skrubu, shubiri kwa shubiri, tangu kwenye kanyagio mpaka kwenye magurudumu ya nyuma. Ilikuwa kazi ya kunyonya subira. Fidèle alitaka safari ya kwanza iwe Jumamosi, kabla mvua haijaharibu njia. Monique alikuwa amefika katikati ya gari alipoumwa malaria na kubaki kwao.

Naomba niseme wazi kwamba nilifurahi. Sikumwombea mabaya, lakini nilifurahi. Na furaha ikaongezeka, kwa sababu Fidèle alichungulia ukutani akaniambia: "Bibi, kuya kidogo. Weye njo unajua kufunga." Ni kweli. Kabla ya kuolewa nilikuwa nachukua makaa kwa baiskeli kutoka upande wa Buluo, magunia marefu kunizidi, na tulikuwa tunayafunga kwa kamba za mpira, zile zinazokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Hapa kwetu mpira ndio unaoshika dunia: mizigo, vitanda, milango, hata viatu. Hakuna gunia nililolifunga mimi likaanguka. Nikaingia chini ya gari kwa mara ya kwanza, vumbi la kutu likiniangukia machoni, bega langu likigusa bega la mume wangu, na nikafunga bomba kuanzia pale Monique alipoachia mpaka mwisho. Nilivuta kila fundo kwa meno. Fidèle alipiga kidole, bomba halikusogea. "Iko nguvu kupita fer," akasema, yaani kupita chuma. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote za mwaka ule. Nilipotoka kule chini nilitamani yule mama wa jumuiya apite tena, aone miguu ni ya nani.

Monique alirudi Ijumaa, amekonda, macho ya njano. Hakukubali hata kukaa. Aliingia chini ya gari, akaligusa bomba lote mpaka mwisho, kisha akatoa mkono nje. "Muke ya Fidèle, niazime kisu." Nilimpa kisu changu cha jikoni kwa mkono wangu mwenyewe, nikidhani kuna kitu cha kukwangua. Nikasikia mpira unakatika. Ukafuata wa pili. Alikuwa anakata mafundo yangu yote, nayo yalikuwa yanaanguka chini moja baada ya jingine, mbele ya miguu yangu.

"Unakata kazi yangu juu ya nini?" nikamwuliza.

"Ulifunga muzuri," akajibu kutoka chini, sauti dhaifu. "Muzuri sana. Lakini hapa pipe inapita pembeni ya échappement, ile bomba ya moshi. Mupira ukisikia ule moto, unayeyuka. Pipe inashuka, inakaa juu ya arbre, ile chuma yenye kuzunguka, inakatika. Halafu Fidèle anafinya frein, breki haiko, muguu unaenda mpaka chini."

"Ku velo ya makaa haijayeyukaka hata siku moja."

"Velo haina moto, mama."

Fidèle akacheka. Pengine alicheka kwa hofu, maana na yeye alikuwa ameisifu kazi ile. Lakini alicheka, na nimekisikia kicheko hicho miaka yote hii. Monique alitoka akajifuta, na kama vile hayo hayatoshi akasema kwamba siku ya kwanza ataingia yeye kwenye gari, akae karibu na dereva asikilize kanyagio. Nikamtazama Fidèle. Fidèle akatazama ndoo. Hapo damu ikanichemka kweli. Nikamwambia Monique: "Ile kiti ni yangu. Kama unataka kiti, lete yako, bwana yangu atakulehemia juu ya paa." Hakuna aliyecheka. Monique alinitazama, akakitazama kile kiti chekundu, na nadhani alielewa mengi kuliko nilivyotaka.

"Bon," akasema. "Basi kuya huku chini."

Tukaingia mimi na yeye. Alikuwa anatoa jasho la homa, mikono inatetemeka, kwa hiyo vibanio vilivyobaki nilivikaza mimi, yeye akielekeza. Kipande kidogo cha mpira kinakaa ndani ya kibanio, kati ya kopo na shaba, upande usio na moto, ili chuma kisile bomba. Hapo mpira wako unafaa, akaniambia, na sikujua kama ananibembeleza. Alinifundisha kusukuma bomba kwa kidole kila baada ya kibanio: likisogea, hakijakaza. Tulipomaliza akabaki amelala chali, anapumua. "Kule Tshangalele, mbele ya kurudia, lala chini uguse zote," akasema. "Fidèle hataangalia. Ule, kintu akishaifanya na mukono yake, anaamini inafika mbinguni." Ilikuwa kweli kabisa, na ndiyo maana iliniuma. Nilikuwa nimechukua ndoa nzima kuligundua jambo hilo, na mwanamke huyu alilijua kwa kukunja bomba naye.

Jumamosi asubuhi nilipanda kwenye kiti cha pili. Nilivaa kitenge cha Pasaka. Monique alikuwa amesimama kando ya njia, mikono kifuani, hakupunga wala hakucheka, alikuwa amegeuza sikio tu, anasikiliza gari. Tulipita mbele ya majirani wote, na sitaficha, mkono ulikuwa dirishani. Nyuma, chini ya bodi, nilikuwa nimening'iniza dumu la maji ya rejeta. Nililifunga mwenyewe, hapo hapo kwenye bomba la moshi, kwa kamba zangu za mpira, kwa fundo langu, kuonyesha kwamba kufunga najua. Njia ilikuwa mashimo, tulicheka kila tulipogonga vichwa, na Fidèle aliimba. Tukafika ziwani, tukapata samaki wazuri, vikapu vikajaa mpaka juu.

Kabla ya kurudi nililala chini. Wavuvi walisimama kumtazama mke wa mtu na kitenge cha Pasaka anavyoingia chini ya gari kama kuku anayetaga, nao walisema yao. Nikagusa kila kibanio. Hakuna kilichosogea. Kisha nikafika nyuma, nikaona dumu halipo. Pale nilipolifunga, kwenye bomba la moshi, kulikuwa na weusi ulioganda kama ukoko wa sufuria iliyoungua. Fundo langu halikufunguka. Lilikuwa limeyeyuka lote. Nililigusa likaniunguza kidole. Fidèle akauliza dumu liko wapi, kisha akajijibu mwenyewe kwamba watu wa hapa wameliiba. Nikamwacha aamini hivyo.

Tukarudi tukiwa wazito. Kabla ya daraja kuna mteremko mrefu wenye kona, na tulipoimaliza kona tukakuta lori la magunia limekufa katikati ya njia, na abiria wake wamekaa chini yake kivulini, wanawake na watoto, wengine wamelala. Hapakuwa na pa kupita. Fidèle alikanyaga. Nilitazama mguu wake, sikutazama lori. Mguu ulishuka kidogo ukasimama, kana kwamba umekanyaga mwamba. Gari likapiga kelele, likainama mbele, samaki wakanimwagikia mgongoni na shingoni, na tukasimama karibu sana na watu wale hata mwanamke mmoja akanyoosha mkono kusukuma boneti. Mtoto akaanza kulia. Fidèle alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, uso umepauka, na akatamka neno moja, taratibu, kama mtu anayesali.

"Monique."

Hakusema Mungu wangu, wala bibi. Nilikuwa nimekaa pale pembeni yake, kwenye kiti nilichokigombania, magamba ya samaki nyweleni, mzima, na jina lililotoka kinywani mwake lilikuwa la yule aliyebaki kando ya njia. Nilinuna mpaka nyumbani. Akadhani ni hofu, akanipigapiga gotini. Jioni nikamwambia ni haki tumpelekee Monique samaki, na nikampelekea mwenyewe, nikamshukuru kama inavyotakiwa. Ila samaki mkubwa kuliko wote sikumpelekea.

Watu wangeniuliza kama kulikuwa na kitu kati yao. Nadhani hapakuwa na kitu, na sijawahi kuuliza. Ila wivu hausubiri dhambi. Wale wawili walielewana bila kumaliza sentensi, na mimi na Fidèle ilituchukua watoto na miaka kufika hapo, na siku nyingine hatujafika. Gari lilitulisha mpaka injini ilipochoka. Monique alirudi Kakontwe na malori yake, tukawa tunakutana misani. Kila mara alinisalimia kwanza, na kila mara aliuliza habari za vile vibanio, "Unagusaka zile attaches?" Nami nilimjibu eee, nagusaka. Nilikuwa nagusa kweli, kila safari, na sikumwambia kamwe habari za lile dumu.

Tulipotoka makaburini mimi ndiye niliyeendesha gari letu la sasa. Macho ya Fidèle yameingia ukungu, siku hizi mimi ndiye dereva na yeye ndiye wa kiti cha pili. Mimi nilikuwa bado na hasira zangu, namtazama kwa pembe ya jicho, yeye na kile kitambaa chake mkononi. Kwenye mteremko wa Kakontwe, pikipiki iliyobeba mama na mtoto ikakata mbele yetu bila kuangalia. Nikakanyaga. Kanyagio likashuka kidogo, likasimama, na gari likasimama. Pikipiki ikapita, yule mtoto akigeuka kututazama. Nilibaki nimeushika usukani kwa mikono miwili, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ndani ya gari.

"Monique," nikasema.

Fidèle akageuza uso upande wangu na kunitazama kwa macho yake yale yasiyoona vizuri. Nilikuwa nalia, sijui nilianza saa ngapi. Akatafuta mkono wangu kwenye usukani, akanipa kile kitambaa, na kilikuwa kimelowa chote.